Siku Farasi wa Koboko Walipokwenda Kinyumenyume

Wiki iliyopita nilikuwa saluni huku Kampala, kichwa nimekiinamisha kwenye beseni, dada wa saluni akafungua kopo la mafuta ya shea. Siku hizi yanauzwa katika vikopo vyenye picha ya ua, yametiwa manukato ili yasinuke. Lakini sisi wa West Nile, kule kaskazini magharibi, hatudanganyiki. Chini ya manukato yote hayo niliisikia harufu yenyewe, ya moshi na karanga zilizoungua kidogo, na machozi yakanitoka ghafla. Dada akadhani sabuni imeniingia machoni, akakimbilia taulo. Nikamwacha adhani hivyo. Ningeanzaje kumweleza kwamba nimenusa farasi?

Mafuta hayo ndiyo Mzee Doka wa Koboko aliyokuwa akiyapaka kwenye nguzo ya farasi wake wa mbao kila Idi ilipokaribia. Wa rika langu waliokulia kule watawakumbuka. Walikuwa farasi wanane wa mvule, wamening'inizwa kwa vyuma kutoka kwenye mihimili mirefu, na mihimili yote imeshikwa na nguzo moja katikati. Nguzo ikizunguka, farasi wanazunguka. Nimepata kuona mitambo ya namna hiyo katika miji mikubwa, inayoendeshwa kwa umeme na kuwaka taa za kila rangi, na nimepanda kila niliyoikuta, mtu mzima mimi, na mkoba wangu begani, watoto wa watu wakinishangaa. Sioni haya. Nikiona farasi wa mbao, miguu yangu huenda yenyewe.

Aliyewachonga ni baba yake Mzee Doka. Alikuwa askari wa zamani zile, akapelekwa vitani ng'ambo ya bahari, na katika mji mmoja wa bandari akaona watoto wa Kizungu wanapanda farasi wa mbao wanaozunguka. Aliporudi Koboko hakuongea sana juu ya vita. Alikata mvule akaanza kuchonga. Taabu ni kwamba farasi mwenyewe alikuwa hamkumbuki vizuri, na Koboko hakukuwa na farasi wa kumtazama. Basi alipokwama alikopa kwa wanyama aliowajua. Masikio yalikuwa ya punda, shingo ya swala, na mmoja alikuwa na nundu kabisa, ya ng'ombe. Meno yao yalikuwa ya watu. Usilolijua ni sawa na usiku wa giza: nilikua nikiamini kwamba farasi ndivyo walivyo, na siku nilipomwona farasi wa kweli kwa mara ya kwanza, nilimwonea huruma. Nilidhani mgonjwa.

Tena farasi hao walikuwa wamepona mengi. Watu wetu walipokimbilia Sudani na Kongo, miaka ile ambayo wazazi wetu huitaja kwa sauti ya chini, familia ya Mzee Doka haikuweza kubeba mbao. Walichimba shimo nyuma ya nyumba wakawazika, mmoja juu ya mwingine, wamefungwa kwa ngozi za ng'ombe. Waliporudi, nyumba haikuwapo, hata bati moja halikubaki, lakini shimo lilikuwepo. Mchwa walikuwa wamemla mmoja sikio tu. Haboba, yaani bibi yangu mzaa baba, maana sisi Wanubi bibi tunamwita hivyo, aliniambia kwamba siku farasi walipofukuliwa watu wazima walilia kuliko walivyolia kwenye mazishi. Nami nilimsikiliza mdomo wazi, nikiwaza farasi wamekufa na wamefufuka.

Mwaka ninaousimulia, Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu kule Arua, akawa hana nguvu ya kutuangalia wawili. Nikapelekwa Koboko kwa Haboba, nikae naye Ramadhani yote mpaka Idi. Nilikuwa mdogo, wa kufunga nusu siku na kujisifu siku nzima. Kwa Haboba nilikuwa malkia. Nilikula ndani ya sahani yake na kulala kitanda chake, na asubuhi niliamka kwa sauti ya nyayo zake.

Nyayo hizo zilikuwa na habari yake. Haboba alikuwa anajiandaa kwenda Makka. Kwa miaka mingi alikuwa amesuka makawa ya kufunikia chakula, yale ya ukindu wa rangi nyekundu na ya kijani, yakienda kuuzwa Arua na hata ng'ambo ya mpaka, na kila alichopata alikiweka kwa ajili ya safari hiyo. Sasa safari ilikuwa imefika. Kitambaa cheupe kilishanunuliwa, kimekunjwa juu ya kabati. Kilichomtia wasiwasi ni magoti. Kwa hiyo kila baada ya sala ya alfajiri alifanya mazoezi: aliizunguka nyumba yake, mkono wa kushoto umegusa ukuta, mara saba, kama mahujaji wanavyoizunguka Kaaba. Akichoka anakaa kwenye kigoda alichokiweka upande wa jikoni, kisha anaendelea. Ukuta ule ulikuwa wa udongo uliopakwa chokaa, na kwa kuguswa kila siku ulikuwa na mstari laini, unaong'aa, umezunguka nyumba nzima kwenye kimo cha kiganja chake. Nilikuwa namfuata nyuma, kiganja changu kikigusa chini ya mstari wake.

"Haboba, mbona mkono ya kushoto?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Sababu nyumba ya Mungu iko huku, upande ya moyo," alinijibu akihema. "Mutu akizunguka kwa mkono ya kulia, yeye nafanya mchezo tu."

Chumbani kwake, ukutani, kulikuwa na zulia dogo lenye picha ya Kaaba: nyumba nyeusi katikati, na watu wadogo weupe wameizunguka pande zote. Niliitazama kila usiku mpaka usingizi unichukue. Nilimpenda Haboba kuliko watu wote wa dunia, na nilitaka aende Makka kuliko nilivyotaka kurudi kwa mama yangu.

Sasa nirudi kwa farasi, maana hapo ndipo akili yangu ya kitoto ilipofanya kazi yake. Katikati ya farasi wa Mzee Doka, kuizunguka nguzo, palikuwa na turubai. Lilikuwa la hema la jeshi, nalo Mzee Doka alilipaka lami iliyobaki kwa watengeneza barabara, lisipitishe mvua. Lilikuwa jeusi tititi, pembe nne, limeshuka mpaka chini. Ndani yake walikuwamo vijana wawili wenye nguvu wanaosukuma miti ya nguzo, lakini sisi watoto tulikuwa hatujui. Walikuwa wakiingia kabla hatujafika na kutoka baada ya sisi kuondoka. Tulichokijua ni kwamba farasi wanakwenda bila kuvutwa na mtu, na kwamba kutoka ndani ya nyumba ile nyeusi zinatoka sauti zinazoimba pamoja. Walikuwa wakiimba nyimbo za jeshi, za kukanyagia mguu. Mimi nilidhani ni dua.

Mnanielewa? Nyumba nyeusi katikati. Watu wamevaa nguo mpya, wanaizunguka. Sauti za dua. Siku Mzee Doka alipoanza kuisimamisha mitambo yake kwenye uwanja wa Idi, nilikuwa napita na ndoo ya maji, nikaiweka ndoo chini. Niliona kwamba picha ya chumbani kwa Haboba na kitu kile ni kimoja, na nikashangaa watu wazima wanapita hapo na baiskeli zao kana kwamba hakuna kitu.

Hata hivyo labda ningeishia kushangaa tu, kama si yale niliyoyasikia siku chache kabla ya Idi. Haboba alikuwa amelala mchana, saumu imemlegeza. Baba alifika kutoka Arua, akaenda moja kwa moja nyuma, jikoni, kwa Shangazi Zaitun, dada yake, aliyekuwa akichambua mchele wa futari. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nimekaa kwenye kigoda cha Haboba.

"Daktari nasema nini?" Shangazi alimuuliza. Haboba alikuwa amepimwa Arua, kama wanavyopimwa wote wanaotaka kusafiri.

"Nasema hapana," alijibu Baba. "Nasema moyo ya Mama nachoka. Ndege, jua ya kule, watu mingi vile… Nasema akienda, sisi hapana ona yeye tena."

Shangazi aliuweka ungo chini.

"Sasa wewe naambia yeye lini?"

"Acha Idi ipite kwanza. Afurahi Idi yake."

"Na wewe iko na mudomo ya kumwambia?"

Baba yangu alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuamuru mafundi wake wote, lakini mbele ya mama yake alikuwa mtoto. Nilisikia akivuta pumzi, kisha akaomba maji, akakumbuka amefunga, akasema basi.

Nililia kidogo, nikajifuta, nikafikiri. Wiki hiyo hiyo Maalim wetu wa madrasa alikuwa ametufundisha habari za Makka, na alisema jambo lililonikaa kichwani: mgonjwa asiyeweza kutembea anaruhusiwa kuizunguka nyumba ya Mungu akiwa amepanda mnyama. Tangu zamani imeruhusiwa. Nikaiunganisha hii na ile. Haboba haruhusiwi kupanda ndege, lakini kupanda mnyama anaruhusiwa. Wanyama wapo, wanane, uwanjani. Nyumba nyeusi ipo. Mungu mwenye huruma alikuwa ameweka Makka ndogo Koboko kwa ajili ya wagonjwa, na watu, kwa ujinga wao, wameifanya mchezo wa watoto.

Nilipokwenda kuhakikisha, nikagundua kwa nini. Farasi wote wa Mzee Doka walikuwa wameelekea upande ambao nyumba nyeusi inakuwa mkono wa kulia. Wa kulia! Ndiyo maana miaka yote hiyo watu wa Koboko walikuwa wakizunguka, wakizunguka, na hakuna hata mmoja aliyekuwa Haji. Nakumbuka nilivyoishika shingo ya yule farasi mwenye nundu na kujisikia nimegundua siri kubwa kuliko kichwa changu.

Kuuliza si ujinga. Kesho yake Mzee Doka alikuwa juu ya ngazi, anapaka nguzo mafuta ya shea kwa kiganja, mkono wote unang'aa mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa mzee mwembamba mwenye jicho moja lililoingia ukungu.

"Mzee Doka, shikamoo. Hii farasi naweza kwenda nyuma?"

"Farasi gani nakwenda nyuma? Wewe nataka cheka na mimi?"

"Hapana, Mzee. Iko mutu nataka panda hivo."

"Nani?"

"Haboba yangu."

Akashuka ngazi polepole, akajifuta mkono kwa tambara, akanitazama kwa lile jicho zima.

"Haboba yako hapana panda hii kitu hata siku moja," alisema. "Mimi najua. Wakati baba yangu namaliza kutengeneza, yeye iko msichana kama wewe. Kila Idi nakuja, nasimama pale, natazama. Mama yake nakataa. Nasema msichana hapana panua miguu juu ya farasi mbele ya watu. Sasa yeye nakuwa mkubwa, iko na wajukuu, na bado nasimama pale, natazama." Akatikisa kichwa. "Yeye mwenyewe nakutuma?"

"Bado hapana mwambia."

Mzee Doka alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanionyesha kipande cha mti mgumu kilichopigiliwa chini ya nguzo. Kazi yake ni kuwazuia farasi wasirudi nyuma. "Huyu ndio polisi yao," alisema. "Kama Haboba yako nakuja kweli, mimi natoa huyu polisi, farasi nakwenda nyuma. Kama hapana kuja, wewe nasukuma hii mashini peke yako mpaka magaribi."

Nikakubali, bila kujiuliza kwa nini farasi wanaokwenda wenyewe wasukumwe. Usiku ule sikulala vizuri kwa furaha na hofu.

Idi ikaja. Uwanja ulikuwa umejaa tangu watu watoke kusali, kanzu zimepigwa pasi zinakaribia kukata, wanawake wamevaa gurbaba zao, zile nguo za kujifunga zenye darizi tuliyorithi kwa mababu waliotoka Sudani. Kila mahali palinukia kisra, mkate wetu mwembamba, na nyama. Haboba alikaa juu ya mkeka pamoja na wanawake wa rika lake, kwenye ukingo wa uwanja, pale pale aliposema Mzee Doka, uso umewaelekea farasi. Sikuwahi kuliangalia hilo kabla. Kila farasi alipopita mbele yake, macho yake yalimsindikiza mpaka alipopotea nyuma ya turubai, kisha yakarudi kumngoja anayefuata.

Kwetu mtoto anayekuja kusalimia siku ya Idi anaulizwa Idi yake ni nini, na akishataja, hanyimwi. Kwa kawaida tunataja peremende. Nilimsalimia Haboba kwa magoti mawili.

"Haya, mama yangu mdogo," alisema, "Idi yako nataka nini?"

"Nataka wewe panda farasi na mimi."

Wanawake wote wa mkekani waliangua kicheko. Mmoja alijipiga mapaja. Haboba alinitazama kwanza akidhani nafanya utani, kisha akaona sifanyi.

"Mimi? Na hii magoti? Omba kitu ingine."

"Wewe iko nasema siku ya Idi mtoto hapana nyimwa."

"Astaghfirullah. Huyu mtoto iko na kichwa ya baba yake."

Mzee Doka, aliyekuwa amesimama karibu akijifanya anakagua chuma, akapaza sauti: "Dada, kuja tu! Mama yako, Mungu amrehemu, leo hapana iko kukuchapa!"

Basi hapo wanawake walimwinua wenyewe. Sijui kama alikubali au alichukuliwa. Ninachokumbuka ni kwamba alipofika kwa farasi mwenye nundu alimgusa shavu kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayemgusa mtoto aliyelala.

"Uso kwa mkia, Haboba," nikamwambia.

"Mkia? Kwa nini mkia?"

"Lazima. Hiyo ndio Idi yangu."

Watu walikuwa wamejaa kutuzunguka, wanacheka, wanapiga vigelegele. Baba naye alikuwepo, amesimama mbele kabisa na kanzu yake, anacheka kuliko wote. Sikuwahi kumwona amecheka hivyo tangu aje. Wanawake wakampandisha Haboba, suruali yake nyeupe ikaonekana chini ya gurbaba, mtu akapiga mbinja. Nami nikapandishwa mbele yake, mgongo wangu umeegemea kifua chake, tukitazama mkia. Nyumba nyeusi ilikuwa mkono wetu wa kushoto. Niliinyoshea mkono nikaigusa lami yake.

Mzee Doka akakitoa kipingo, akagonga nguzo mara moja. Ndani ya turubai sauti zikaanza kuimba. Mbao zikalia. Na farasi, kwa mara ya kwanza tangu wachongwe, wakaanza kurudi nyuma.

Nawaambia ukweli, hata waliokaa mikekani walisimama. Watu walikuwa wamewaona farasi wale maisha yao yote wakitangulia na vichwa, na sasa walikuwa wakipita na mikia mbele, meno yao ya kibinadamu yakiwacheka waliowaacha, na juu ya mmoja wao bibi na mjukuu wanakwenda mbele juu ya mnyama anayerudi nyuma. Hakuna aliyekuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Mimi nilikuwa nimejaa mshangao mpaka kooni. Niliamini tumeingia safarini.

Mzunguko wa kwanza Baba alitupungia mkono, na Haboba akampungia. Wa pili hivyo hivyo. Haboba alikuwa anacheka kimya kimya, tumbo lake linatikisika nyuma yangu.

"Haboba," nikasema, "sema ile maneno."

"Maneno gani?"

"Ya Makka. Tunazunguka mara saba. Nyumba iko upande ya moyo, tazama. Maalim nasema mutu mgonjwa naweza panda mnyama."

Tumbo likaacha kutikisika.

"Nani mgonjwa?" aliuliza.

"Wewe. Daktari nasema moyo yako nachoka, wewe hapana enda na ndege. Baba nangoja Idi ipite. Basi mimi naleta wewe hapa."

Mkono wake ulionizunguka tumboni ulikaza. Tulimfikia Baba, akapunga mkono, na safari hii hakuna aliyempungia. Tukazunguka. Tulipomfikia tena mkono wake ulikuwa hewani, nusu, na kicheko kilikuwa kinamtoka usoni. Tulipomfikia mara nyingine alikuwa ameushusha. Hakuambiwa na mtu. Aliusoma uso wa mama yake, uso ambao mimi sikuuona.

Kitu nilichokuwa nacho ni moyo wake. Kifua chake kilikuwa kimenibana mgongoni, na kupitia gauni langu jipya niliusikia moyo ule ambao daktari alisema umechoka. Ulikuwa unapiga kwa nguvu, haraka, dugu dugu dugu, ukigonga mifupa yangu kama mtu anayetaka kufunguliwa mlango. Nilishikwa na hofu kubwa na mapenzi makubwa kwa pamoja. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na kitu kikubwa namna ile ndani yake na bado akanyamaza. Mpaka leo, nikitaja neno moyo, ni ule ninaousikia.

Mara ya saba farasi wakapunguza mwendo, wakasimama. Baba alikuwa amekwisha kuja, amemshika Haboba kiwiko. "Mama," alisema.

"Wewe nangoja nini kuniambia?" Haboba alimuuliza, si kwa ukali. "Mimi mtoto?"

Baba akainamisha kichwa, machozi yakamdondokea kwenye kanzu ya Idi mbele ya Koboko nzima. Haboba akamwacha alie. Akaniinamia mimi, kilemba chake kikanigusa shavu.

"Sikiliza, mama yangu mdogo. Hii hapana Makka. Makka iko Makka. Hii ni mbao ya baba yake Doka."

"Lakini tumezunguka vizuri," nikasema, nami nikaanza kulia.

"Tumezunguka vizuri sana," alikubali.

Niseme hapa kwamba Haboba hakwenda Makka, mwaka huo wala mwingine. Mjini walianza kumwita Hajati, nusu utani na nusu mapenzi, na kila aliyemwita hivyo alirudishwa: "Mimi hapana enda. Mungu iko najua nani nakwenda na nani hapana enda." Aliishi miaka mingi baada ya hapo, mingi kuliko alivyotabiri daktari yeyote, na kile kitambaa cheupe ndicho tulichomzikia. Nimefikiri sana juu ya mtu aliyetamani jambo moja maisha yake yote, akalikosa, na bado akakataa kujipa hata jina lake tu kwa kudanganya. Bado namstaajabia.

Lakini siku ile, Baba alipomnyoshea mikono amshushe, Haboba aliisukuma mikono hiyo.

"Nigeuzeni," alisema.

Hawakumwelewa.

"Nigeuzeni. Mimi namaliza kutazama mkia. Nataka kichwa. Doka! Rudisha polisi yako. Mbele!"

Wanawake wakamgeuza, mguu mmoja kisha mwingine, kwa vicheko na kwa taabu, nami nikageuzwa mbele yake. Sasa alikuwa ameishika shingo ya farasi mwenye nundu kwa mikono yake miwili, na mimi nilikuwa katikati ya mikono hiyo. Mzee Doka akapigilia kipingo, akagonga nguzo. Wakaimba. Tukaenda kama farasi wale walivyochongwa kwenda, mbele, taratibu, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona uwanjani pale, maana nadhani Mzee Doka mwenyewe alikuwa ameingia ndani ya turubai kusukuma. Upepo ukamvua Haboba kilemba, ukakitupa kwa watu. Nywele zake nyeupe zilikuwa nje, mchana, mbele ya watu, naye hakuzishika. Alikuwa anatoa sauti. Nilidhani analia, nikageuza shingo nimwone, na kweli mashavu yalikuwa yamelowa, lakini mdomo ulikuwa wazi, na meno machache aliyobaki nayo yote yalikuwa nje kama ya farasi.

Baba alikuwa anakimbia kando yetu, kanzu ameikusanya mkononi, anahema. "Mama! Inatosha sasa! Nachoka!"

Haboba hata hakumtazama.

"Nani iko nachoka?" alipiga kelele juu ya kichwa changu. "Wewe? Kaa chini basi! Doka, sukuma!"